Naomba Fomu ya Upande wa Pili: Barua ya Wazi kwa Wapelelezi wa Bima

Kwa Mkuu,
Kitengo cha Uchunguzi wa Ulaghai wa Bima,
Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA,
Upper Hill, Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Chale, Kwale. Kama hupajui, ukishavuka Likoni shika njia ya kusini hadi Ukunda, ingia Diani, pita hoteli zake, pita Kinondo, halafu uulize. Mtoto yeyote atakuonyesha.

Wito wenu umetufikia: mwananchi akishuku ulaghai wa bima asinyamaze, aripoti. Nimeupokea kwa mikono miwili. Kwanza hongera kwa kuwaweka maafisa wa upelelezi wa jinai, DCI, humo humo kwenye ofisi za mamlaka ya bima, ili anayekuja na madai ya uongo akutane na pingu karibu.

Nami nimeanza kazi. Tuseme matatu ya abiria 14 imeingia mtaroni njia ya Msambweni. Wanaotoka humo wakijipangusa vumbi ni tisa. Jua likizama, majeruhi wamefika kumi na tisa. Kuna aliyekuwa shambani akipalilia mihogo, sasa mgongo haukunjiki. Kuna aliyekuwa Lunga Lunga kwa mkewe wa pili, naye amepata bandeji ya shingo na haijulikani ameipata wapi. Abiria hewa hawa hawalipi nauli wala hawashuki stejini, lakini kila mmoja ana fomu ya polisi ya majeruhi, P3, iliyojazwa vizuri, ana abstrakti ya polisi, na ana wakili ambaye kijana wake alifika penye ajali kabla ya ambulensi. Nasema kwa heshima: huduma ile ingekuwa ya hospitali tungeishi miaka mia.

Huo ni wizi, sikatai. Anayeibiwa ni mwenye gari anayenunua stika mwezi baada ya mwezi, pamoja na mama wa samaki anayepandishiwa nauli. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa miaka mitatu anayejipatia mali kwa udanganyifu, na mimi nisingemlilia.

Basi nachukua simu niripoti. Laini yangu imesajiliwa kwa kitambulisho changu, kama sheria inavyotaka. Nikinong'ona adhuhuri, alasiri tukitoka msikitini mamake yule wa bandeji ananiuliza nimemkosea nini mwanawe. Mswada wa kumlinda mfichuaji umekuwa ukiingia na kutoka Bungeni miaka nenda miaka rudi, mpaka nadhani walinzi wa lango wanausalimu kwa jina. Lakini hilo tuliache. Mtu mzima hafi kwa kununiwa.

Kilichonikwamisha ni fomu yenu ya kuripoti, Mheshimiwa. Mnanifundisha kumtambua mteja anayeidanganya kampuni ya bima. Ajali ya kutunga naijua, stika ya kughushi naijua, risiti ya hospitali iliyoongezwa sifuri naijua. Nimeugeuza ukurasa nitafute pa kuiandika kampuni ya bima iliyomwacha mteja barabarani, nikakuta upande wa pili ni mweupe.

Labda mtasema kesi hizo ni chache. Kampuni ya taifa yenyewe, Kenya National Assurance, ilianguka 1996. United ikawekwa chini ya msimamizi 2005. Hizo mbili sitawabebesha, maana hamkuwa mmezaliwa. Ninyi mmeanza kazi 2007. Ila Standard Assurance 2009, Blue Shield 2011, Concord 2013, Resolution 2022, Xplico 2023, na Invesco iliyopelekwa kufilisiwa 2024, hizo zimeinama mkiwa macho, zikiwa na leseni zenu ukutani. Kadhaa kati ya hizo ndizo zilizokuwa zikiuzia matatu stika. Sisemi kuna aliyeiba. Nauliza tu, kwa kuwa mmenifunza kushuku: mtu akipokea pesa za ahadi asiyoweza kuitimiza, kule Upper Hill mnamwitaje? Huku, akiwa ni mwenye shingo ya bandeji, mnamwita mshukiwa.

Niruhusu nikupigie hesabu, maana huko juu naona inapigwa kwa maneno. Sheria ya bima ya magari, ile Sura ya 405, inasema mtu akiumizwa na gari, bima inaweza kumlipa hadi shilingi 3,000,000. Sheria nyingine inataka madai yalipwe katika siku 90. Vizuri sana. Sasa tuseme hakimu amempa mjane 1,200,000 kwa mguu uliokatwa, na kampuni ya bima imefungwa wiki iliyotangulia. Anaelekezwa kwenye Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, ambayo mwisho wake ni 250,000. Zilizobaki ni 950,000. Hukumu imeandikwa jina la mwenye gari, kwa hiyo madalali wa mahakama wanafika kwake, wanabeba makochi, wanabeba friji, wanamfungua ng'ombe aliyekuwa akisubiri harusi. Mwenye gari anawaonyesha stika. Alilipa, tarehe ni halali, hata mfumo wa kidijitali unaitambua. Dalali anaisoma, anamrudishia, anaendelea kupakia.

Ndiyo maana nilipoona kaulimbiu yenu ya Bima Bora kwa Taifa nikajiuliza taifa hilo linaishia kituo gani.

Hapa jirani tuna msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ambao tangu 2008 umo kwenye orodha ya UNESCO pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hatoki hata na kijiti kikavu. Mzee anayewaongoza wageni naye amefungwa kaniki ile ile na sharti lile lile. Hakuna sheria ya mgeni na sheria ya mlinzi. Mkija kuwahoji abiria hewa, piteni pale, kiingilio si ghali.

Nisionekane mlalamishi asiye na ombi. Fomu yenu iongezwe ukurasa. Pawe na mahali pa mwenye gari kuandika: nimelipa, nimeumiza mtu kwa bahati mbaya, siku ya 91 imepita, simu haipokelewi. Ripoti kumi za namna hiyo juu ya kampuni moja zitawaambia yatakayotokea mapema kuliko mkaguzi wa hesabu, na kwa kweli stejini Ukunda habari hizo hutangulia. Makanga hujua kampuni inayoyumba kabla ya gazeti. Mpokeeni naye kama mpashaji habari. Anatamani sana kuhojiwa na DCI akiwa upande wa mlalamikaji, walau mara moja maishani.

Nawasihi mnijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Stika ya matatu ya mpwa wangu inaisha, naye hajajua anunue kwa nani. Kama kuna kampuni mnayoamini itakuwa hai mwakani, ninong'onezeni jina lake. Siri yenu nitaitunza, sina haja ya mswada.

Wenu mtiifu,
Mlipa bima, Chale