Huku Ukisema Hapana, Wanakuamini

Dresden, Ujerumani
Novemba

Mpendwa Mama Mdogo, Baba Mkubwa, na wote mtakaokuwa mmekaa chini ya mwembe mkisomewa,

Dhumuni la barua hii nitalifikia polepole, maana najua Baba Mkubwa hapendi barua inayoingia na shida yake mkononi kama mgambo wa ushuru.

Ningepiga simu, lakini simu zetu mnazijua. Nikiuliza habari, nzuri. Nikiuliza kuna tatizo gani, hakuna neno. Salio linakwisha, na wiki mbili baadaye nasikia kwa mtu wa Ipinda kwamba upepo ulichukua bati nne za jikoni. Ndiyo maana nimeandika. Barua inakuja kwa mkono wa mtu anayerudi Mbeya likizo, pamoja na chokoleti mbili. Zimetengenezwa kwa kakao, na huenda kakao yenyewe imetoka hapo hapo Kyela. Bei imebandikwa nyuma. Ibandueni kabla Baba Mkubwa hajaiona, akaanza kupiga hesabu ya magunia yake ya mwaka jana, nasi tunajua hali ya presha yake.

Kwanza nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza hapa, mfanyakazi mwenzangu wa nyumba ya wazee alinikaribisha kwake Jumapili. Akauliza, "Utakula?" Nikajibu kwa adabu uliyonifunza wewe Mama Mdogo, "Hapana, asante, nimeshiba." Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikingoja aniulize mara ya pili nikatae kidogo, na ya tatu nikubali kwa shingo upande. Hakuuliza tena. Alijipakulia, akala, akanisimulia habari za bustani yake, na mimi nikawa natazama viazi vikiondoka kimoja kimoja. Usiku huo nilikula mkate mzima ndani ya tramu, nimewapa watu mgongo. Kumbe huku "hapana" si salamu. Ukisema hapana, wanakuamini.

Shikeni hilo. Nitalirudia.

Sasa habari za wale wageni niliokuja nao Julai. Najua hapo Itungi kuna waliosema ni wawekezaji wa mchele, na kuna waliosema ni watu wa kupima mpaka wa ziwa. Wale ni watu wa kujitolea tu: mwalimu mstaafu wa historia, fundi bomba, mama wa maktaba na wenzao. Huku ukitaka kusajili chama, sheria inadai wanachama wasiopungua saba. Wao walikuwa sita. Mimi nilipita kwenye chumba chao cha chini ya kanisa kuchukua mwavuli niliousahau, nikatoka na mwavuli na uanachama. Kila mmoja wetu anatoa fedha kidogo kila mwezi, na fedha hiyo inawasomesha vijana sita wa upande wa huko kwetu.

Fomu ya chama iliniuliza kama nina uhusiano wa damu na mwanafunzi yeyote. Kwa mtu wa Itungi swali hilo halina jibu fupi. Nikaandika, "Kiasi."

Mweka hazina, yule fundi bomba, naye akaja na lake. Alikuwa amesoma kwamba Tanzania elimu ni bure, sasa sisi tunalipia nini? Nikamwambia amesoma sawasawa: ada iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Halafu nikatoa fomu ya kujiunga na shule ya bweni, nikaanza kutafsiri. Godoro. Shuka jozi mbili. Tranka na kufuli. Ndoo. Rimu ya karatasi. Jembe lenye mpini. Mfagio wa chelewa. Fyekeo.

"Fyekeo ni nini?"

Neno lake kwa Kijerumani sikulijua, nikasimama na kuonyesha kwa mkono. Kikao kikanyamaza. Mama wa maktaba akauliza kwa upole kama shule hiyo iko kwenye vita na mtu. Nikamjibu ndiyo, na nyasi, na nyasi zinashinda. Zikapitishwa fedha za mafyekeo sita, na muhtasari unasema yatumike "kwa malengo ya amani".

Safari yenyewe mnaijua mwisho wake tu. Tulishuka Songwe, tukapita Uyole, na Tukuyu wageni wakavaa masweta wakisema Afrika nayo ina baridi kumbe. Saa moja baadaye tuko Kyela, masweta kiunoni, jasho linawachuruzika, na mwalimu wa historia anauliza kama bado tuko katika nchi ile ile. Ramani yake ilimwonyesha Bandari ya Itungi, akataka kuona meli. Nikamweleza kwamba mchanga wa mto ulijaza bandari hata meli zikashindwa kukaribia, ndiyo maana meli ya Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, inatia nanga Kiwira. Akaandika kwenye daftari lake: bandari ipo, maji yamehama.

Mzee huyo ndiye aliyetusimulia jioni ile pwani kisa cha Agosti 1914. Wajerumani walikuwa na meli ya mizinga ziwani kwetu, Hermann von Wissmann, na ilikuwa inatengenezwa pale Liuli. Waingereza wakaja na yao, Gwendolen, wakaipiga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani alitoka mbio, akapanda mtumbwi kwenda kumfokea mwenzake Mwingereza, maana walikuwa marafiki wa chupa moja na alidhani jamaa kazidisha pombe. Kumbe vita vimeanza, na yeye hakuna aliyemwambia. Baba Mkubwa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilicheka pia, bila kujua kwamba kesho yake wageni wetu watakuwa kwenye mtumbwi ule ule wa mtu asiyeambiwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kutembelea nyumba za wanafunzi, nyumba tano kwa siku moja. Kila nyumba ilipika, na hakuna iliyokubali kwamba nyumba ya jirani nayo imepika. Tulianza na mbalaga saa nne asubuhi, tukaenda kwenye wali na usipa, kisha kuku wa kienyeji, kisha mbasa mzima mwenye kichwa chake. Kufika kwako Mama Mdogo, wageni walikuwa wanapumua kwa zamu. Mwenyekiti wa chama akasema hapana, asante. Ukampakulia. Akasema hapana kwa nguvu zaidi, ukaona ana adabu za kwao, ukaongeza mchuzi. Akafunika sahani kwa kiganja. Ukasimama na upawa wa wali ukingoja mkono uchoke, na ulichoka.

Usiku aliniuliza kama alikosea kulitamka neno "hapana". Nikamwambia amelitamka vizuri mno, ndiyo maana alipewa na paja la kuku.

Halafu jogoo. Mlipowapa jogoo yule mwekundu mlifanya la heshima, nami najivunia. Ila mjue kwamba ameingia kwenye vitabu: "Zawadi: jogoo 1, hai." Tulimwachia dereva, na tangu hapo kila kikao mkaguzi wa hesabu anauliza jogoo yuko wapi na kama kuna risiti. Mtu akikutana na dereva yule, namwomba risiti.

Asubuhi ya mwisho wakataka kutembea na mwanafunzi kutoka nyumbani hadi shuleni waone mwendo wake. Wakamchagua binti yetu wa kidato cha tatu, ambaye Mama Mdogo unamlea. Mtoto huyo mwendo huo anaukata kwa saa moja. Siku hiyo ulichukua saa mbili na dakika ishirini, kwa sababu mama wa maktaba alisimama kila penye ndege, na fundi bomba alisimama kila penye bomba. Kwenye kivuko cha miti, pale mtoni, wote walipiga picha. Maji ya Julai yalikuwa ya magotini, yametulia kama mtoto aliyelala. Tulipofika, mwalimu wa zamu alikuwa getini na daftari la wachelewaji. Binti hakuwa ameandikwa humo hata siku moja tangu kidato cha kwanza. Sasa ameandikwa. Kwenye safu ya sababu pameandikwa: wafadhili.

Hapo ndipo mwenyekiti alipomwinamia na kumuuliza mbele yetu sote, "Je, kuna kitu kingine unahitaji?"

Binti alikutazama wewe kwanza, Mama Mdogo. Nawe ulimpa lile jicho. Akajibu, "Sina shida, nashukuru sana." Mimi nikatafsiri. Maneno niliyatafsiri yote, jicho sikulitafsiri. Nilijua mto ule ukoje Aprili. Nilijua kwamba masika maji yakipanda hakuna kivuko wala magoti, kuna mtumbwi wa mtu mwenye roho ngumu, na siku nyingine hata huo hakuna. Nilijua kwamba binti hubaki nyumbani, wenzake wanasonga mbele na fizikia. Nilinyamaza, kwa sababu nami nimelelewa na jicho hilo hilo.

Tumerudi huku. Mwezi uliopita tulifanya kikao cha taarifa, picha zikionyeshwa ukutani. Watu walipenda sana picha ya mto. Kisha muhtasari ukasomwa, jina kwa jina. Wa chuo cha ufundi: vifaa vya useremala. Wa kidato cha tano: godoro, la kwanza limeliwa na panya. Kufika kwa binti yetu: "Mahitaji ya ziada: hakuna." Fungu lake likahamishwa.

Nikanyoosha mkono. Nikasema yule ana shida, anahitaji nafasi ya hosteli miezi ya masika, la sivyo atalazimika kupanga geto peke yake, na mtoto wa kike kwenye geto ni wasiwasi wa kila usiku. Mweka hazina akanitazama bila ubaya wowote. "Lakini mwenyewe amesema hakuna. Ulitafsiri wewe."

Nikamweleza kwamba kwetu "hakuna" ya kwanza ni adabu, na ya pili ni adabu pia.

"Kwa hiyo aulizwe mara ngapi?"

"Tatu."

Akageukia mwenyekiti, aliyekuwa ameshika tumbo lake kwa kumbukumbu. Mwenyekiti akasema, "Ni kweli. Mimi hapana yangu ilikataliwa mara tatu." Wakapiga kura. Muhtasari sasa unasema mwanafunzi wa Itungi ataulizwa mara ya pili na ya tatu kwa maandishi, na jibu lifike kabla ya kikao cha Januari.

Kwa hiyo dhumuni la barua hii ndilo hili. Mara ya pili: je, kuna kitu unahitaji? Mara ya tatu: je, kuna kitu unahitaji? Tumemaliza adabu zote.

Mama Mdogo, nakuomba kwa heshima zote, jicho lile lipumzike siku moja. Wageni hawatasema sisi ni ombaomba. Wametuona tukiwalisha mara tano kwa siku na kuwasindikiza na jogoo. Na barua isinakiliwe kutoka ubaoni kama zile sita za mwaka jana, ambazo zote zilisema mwandishi ni mzima, anapenda hisabati, na chakula akipendacho ni wali. Mama wa maktaba alidhani ni barua moja iliyopigwa kopi.

Nawe unayewasomea wazee barua hii kwa sauti, maana najua wamekupa wewe kwa kuwa ndiye msomaji mzuri kuliko wote hapo, usiruke aya hii kwa aibu. Ukishamaliza kusoma, ingia ndani uchukue kalamu. Andika mto unafika wapi Aprili, umekosa siku ngapi za shule, na hosteli inataka kiasi gani. Usianze na "sina shida". Huku watakuamini.



Ni mimi mtoto wenu.