Nguruwe Haingii Nyumba ya Bibi

Mpwa wangu ana adabu sana. Kila asubuhi ya likizo hii ameniamkia "Shikamoo, Mjomba," nikaitikia "Marahaba," akauliza nimeamkaje, kisha jioni baada ya kula akanichomea kijiji. Amefanya hivyo mara kumi na moja. Kila akimaliza husema, "Pole, Mjomba," na kinachouma ni kwamba anasema kwa moyo safi.

Yeye yuko kidato cha pili. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, ni mhasibu, na nimewahi kufunga hesabu za mwaka nikiwa na malaria. Nilipomkuta anapakua Age of Empires II kwenye kompyuta yake, nilicheka kicheko cha mkongwe. Mchezo huo ulitoka mwaka 1999, na enzi zile niliucheza ofisini kwa baba mdogo, nikipambana na kompyuta katika ngazi ya chini kabisa, ile ambayo adui anakusubiri mpaka unawe mikono. Toleo lililokarabatiwa la mwaka 2019 lilinikuta bado najiona jemadari. "Huu ni wangu," nikamwambia. "Niunganishe."

Kwa asiyeujua: unaanza na wanakijiji 3, mpelelezi mmoja juu ya farasi, na kituo cha mji. Kila mwanakijiji mpya anakula chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka, na kituo hakitakiwi kukaa bure hata kidogo. Kila nyumba inakula mbao 25 na kukupa nafasi za watu 5. Usipojenga, uzazi unagoma. Wakati huohuo kondoo watafutwe, miti ikatwe, mpelelezi azunguke, na nguruwe mwitu achokozwe kwa mishale na mwanakijiji mmoja, kisha mwanakijiji huyo atimue mbio mpaka kituoni, ambako wenzake wanasubiri kummaliza mnyama. Ni nyama ya 340 hiyo, si ya kuachwa. Ila ukimsahau yule mkimbiaji njiani, mnyama ndiye anayemmaliza yeye.

Na hakuna zamu. Hapo ndipo tunapoumia sisi tuliolelewa na bao na drafti. Kwenye bao mwenzio akisambaza kete, wewe unapata nafasi ya kufikiri, kunywa kahawa na kumkebehi. Huku ukinywa kahawa, ukirudi umekuwa mkimbizi. Wachezaji wa kulipwa wa mchezo wa StarCraft kule Korea Kusini hufikisha vitendo 300 kwa dakika moja. Siku mpwa wangu aliponihesabia vyangu, nilipata 31, na viwili kati ya hivyo nilikuwa nafukuza mbu, mkono ukaangukia kwenye kibodi.

Nilimuuliza siri yake. Akafikiri kwa dhati, akasema, "Sina siri, Mjomba. Nazunguka tu." Nikamwona mtoto mchoyo.

Basi nikaingia kazini kihasibu: hasara ipo, itafutwe inatokea wapi. Ilikuwa inatokea kichwani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kichwa cha mtu hushika kama vitu saba kwa wakati mmoja, ongeza viwili au punguza viwili. Mwaka 2001 akaja Nelson Cowan na hesabu ya kubana matumizi: vinne hivi. Nilipoorodhesha kazi za mchezo nikapata tisa. Nakisi ya tano! Mhasibu gani alale na nakisi hiyo?

Kupunguza nakisi kuna njia. Ya kwanza ni kufunga vitu mafungumafungu, kama tokeni ya umeme ya LUKU: tarakimu 20 hakuna kichwa kinachozibeba, lakini zikitengwa nne nne unazisoma mpaka mitani ukiwa na tochi mdomoni. Ya pili ni kasri la kumbukumbu. Hii asili yake ni msiba. Mshairi wa Kigiriki, Simonides, alikuwa kwenye karamu, akaitwa nje, na alipotoka tu paa likaanguka likawaua wote waliobaki ndani. Miili haikutambulika. Simonides akafumba macho, akakumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi, akawataja, na ndugu zao wakachukua wao. Cicero wa Roma ndiye aliyekisimulia kisa hiki, na fundisho lake ni kwamba ukitaka kukumbuka kitu, kipe mahali pa kukaa katika nyumba unayoijua.

Ninayoijua kuliko zote ni nyumba ya Bibi, Ngamiani, Tanga. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, unatokea uani kwenye jiko, kisima na kamba ya nguo. Bibi ametangulia mbele ya haki miaka mingi, lakini nikifumba macho nasikia mpaka mlango wa stoo unavyolia. Nikahamishia kijiji changu humo. Kondoo barazani. Wakata miti jikoni, penye kuni. Mpelelezi na farasi wake ukumbini. Dhahabu chini ya godoro la Bibi, ambako kwa kweli ndiko ilikokuwa.

Taabu ilianza nilipofika kwa nguruwe. Nilijaribu kumweka chumba cha wageni. Ndani ya kichwa changu mwenyewe, kwenye kasri nililolijenga mwenyewe, nikamwona Bibi anatoka na ufagio wa chelewa. "Toa!" Nikampeleka stoo. "Toa, nasema!" Nikajaribu uani, nje kabisa, karibu na choo. Bibi akasimama mbele yake na kanga yake ya kuswalia, akanitazama mimi, si nguruwe, akasema, "Wewe ndiye wa kuniletea huyu mnyama nyumbani kwangu?" Nikaomba radhi. Niliomba kwa sauti, na mke wangu akauliza naongea na nani.

Nguruwe akakosa makazi. Na kitu kisicho na makazi, kwa mujibu wa Simonides, hakikumbukwi. Jioni ile nilituma mwanakijiji akamchokoze, nikarudi kwenye miti, nikamsahau. Niliposhtuka mkimbiaji wangu alikuwa amelala chali porini. Nikatuma wa pili akachukue nafasi yake, nikaenda kuangalia kondoo. Wa tatu alikwenda mwenyewe, naamini kwa uchungu. "Pole, Mjomba."

Nikajaribu ndoano za vina, ambapo kila namba inaning'inizwa kwenye neno linalofanana nayo kwa sauti. Wenye Kiswahili tumelelewa kwenye vina, nikajua hapa nipo kwetu. Moja, koja. Mbili, pilipili. Tatu, chatu. Tano, ngano. Sita, vita. Saba, baba. Kumi, ngumi. Ilikuwa inateremka kama utenzi. Kasoro nne. Nne haitaki kina! Nimeitafutia mwenza usiku kucha, nikapita herufi zote, mpaka leo natafuta. Na kazi yangu ya nne kwenye orodha ilikuwa kujenga nyumba. Kwa hiyo watu wangu walikuwa na koja, pilipili na chatu, ila hawakuwa na pa kulala, kituo kikagoma kuzaa, na mpwa wangu akafika na askari wake akakuta wanakijiji kumi, wakiwa wamesimama wote karibu na koja.

Haya ya kwenye kompyuta ningeyavumilia. Lakini kasri lina tabia ya nyumba ya kupanga: mpangaji wa zamani hahami kwa sababu umeleta mpya. Mke wangu alinituma kwa Mangi dukani nikalete kiberiti, vitunguu na sabuni ya kipande. Nikavipanga vizuri: kiberiti barazani, vitunguu ukumbini, sabuni jikoni. Nilipofika dukani nikapanda barazani kwa Bibi, nikakuta kondoo. Nikarudi nyumbani na vitunguu, sabuni, na nyama ya kondoo nusu kilo niliyoivukia barabara kuifuata buchani. Tuliitazama pamoja, mimi na mwenzangu, kwa muda. Hakukuwa na kiberiti cha kuipikia.

Ndiyo maana juzi asubuhi aliponiambia, "Usisahau umeme, uniti zinakaribia kuisha," nilichukua tahadhari. Nikachagua mahali ambapo hapajawahi kukaliwa na mpangaji: kisimani. Nikaning'iniza balbu kubwa inayowaka ndani ya ndoo, nikaishusha kisimani kwa Bibi, maji yakang'aa. Picha nzuri mno. Naiona mpaka sasa. Nilipanga kununua kwa simu jioni, nikiwa kwenye daladala.

Kwenye daladala ya Mbagala mtu hatoi simu, maana mikono yote ina kazi ya kumzuia asiketi mapajani kwa mtu. Nikawa sina la kufanya ila kumtazama konda. Jamaa ameweka mguu mmoja ndani, mwingine kwenye ngazi. Noti amezikunja kwa urefu, kila aina na nafasi yake kati ya vidole. Sarafu zinalia kiganjani, na mlio huo peke yake ni hati ya madai. Anaita abiria wa nje, anapanga wa ndani, anagonga bodi dereva aondoke, anarudisha chenji, anamshusha mama mwenye ndoo ya samaki, anatukanwa, anatukana. Kazi tisa! Nikamhesabia.

Nikasema huyu lazima ana kasri, tena la ghorofa. Nikamchunguza mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, nikagundua kwamba hakumbuki chochote. Anaanza nyuma, anakuja mbele: "Nani hajatoa nauli huko?" Akifika mlangoni anarudi nyuma, anauliza upya kama hajawahi kuuliza. "Nimeshatoa!" anafokewa. "Poa, mzee." Hajali. Aliyekuwa hajalipa raundi ya kwanza anapatikana ya pili. Vidole ndivyo vinavyojua noti, abiria ndiye anayejua chenji yake. Yeye anachomiliki ni mzunguko.

*Nazunguka tu, Mjomba.*

Nilishuka vituo viwili mbele ya kwangu kwa sababu ya tafakuri. Simonides, Mungu amrehemu, alikumbuka watu waliokwisha kufa kwenye viti vyao, na maiti hahami kiti. Kondoo wangu wanaliwa wanaisha, miti inakatika, nguruwe anakimbia, askari wa mpwa wangu wapo njiani. Nilikuwa nawatafutia wenye mbio mahali pa kukaa.

Jioni ile nikakunja mikono ya shati. Nikawapa askari wangu namba kwenye kibodi, moja hadi tatu, kama noti kwenye vidole. Kitufe cha H kikawa kinanirudisha kituoni. Na kile cha nukta, ambacho humtafuta mwanakijiji asiye na kazi popote alipojificha, nikakipa jina lake halali: nani hajatoa nauli. Nikaanza mzunguko, na nikagundua kwamba hauendi kimyakimya.

"Kituo! Nyumba! Kondoo! Miti! Nani hajatoa nauli huko nyuma? Twende! Kituo! Nyumba!"

Mke wangu alitokea mlangoni na mwiko, akatazama, akarudi jikoni. Jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Lakini nyumba zilijengwa. Nguruwe aliletwa kwa njia ya nje, hakukanyaga kwa mtu, akafia kituoni mbele ya mashahidi. Nikafikisha chakula 500, nikapanda zama. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hucheza huku anakula karanga, aliacha karanga. Dakika ya ishirini askari wake walikuja wakakuta ukuta, na nyuma ya ukuta wapiga mishale wangu wamepangwa kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Walirudi walikotoka, wale waliobaki.

"Mjomba," akasema taratibu, "umefanyaje?"

"Nazunguka tu."

Nikaanza kuandaa shambulio. Hapo nikasikia mlio: pi, pi, pi. Mchezo huu hupiga baragumu mji ukivamiwa, nikadhani toleo jipya limebadilisha sauti. Nikakimbilia ukutani, hakuna mtu. Nikakagua mashamba, salama. Pi, pi, pi. Nikatuma mpelelezi azunguke ramani nzima kutafuta mvamizi. "Yuko wapi?" nikapiga kelele. "Nimezunguka kila mahali!"

Giza likaingia.

Feni ikasita, ikasimama. Kile kisanduku cha intaneti kilizima taa zake zote, na kwenye kompyuta yangu, iliyobaki na chaji, yakatokea maandishi kwamba nimepoteza muunganisho. Wapiga mishale wangu wakaganda, mishale ikiwa hewani.

"Pole, Mjomba," ikasema sauti gizani.

Kutoka jikoni, kwa utulivu ambao mtu mwenye ndoa ya miaka kumi na sita anaujua, mke wangu akauliza, "Umeme ulinunua?"

"Sikuusahau," nikasema, na ilikuwa kweli tupu. Niliuona kama ninavyoiona mikono yangu, balbu ndani ya ndoo, maji yanang'aa, mahali palepale nilipouacha. Tatizo ni kwamba mchana kutwa sikuwa nimepita huko. "Niliuweka."

"Wapi?"

"Kisimani kwa Bibi."

Kimya kikapita. Nikasikia anafunika sufuria.

"Basi nenda ukauchote."