Jinsi ya Kufika Bei ya Nyumba Inayovuja

Anza na lugha ya dalali. Hapa Dar es Salaam "marekebisho madogo" ni paa zima. "Inahitaji rangi tu" ni ukuta unaotoa chumvi, plasta inadondoka bila kuguswa. "Hatua chache kutoka lami" kazihesabu mwenyewe, saa saba mchana. Katika tangazo lote neno la kushika ni moja: "bei maelewano".

Usiende kuitazama siku ya jua. Januari kila nyumba nzuri. Nenda masika, Machi hadi Mei, au vuli, na uende mvua ikinyesha. Mvua haina kamisheni. Itakuonyesha maji yanapoingilia, yanapotuama uani, na choo kinavyofanya kikizidiwa. Ukiwa karibu na bonde la Msimbazi, tafuta ukutani mstari wa tope la mafuriko yaliyopita. Na ukiona ukuta wa mbele umepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, upana wa sinia, uliza kilichofunikwa. Mji huu unazijua alama za X nyekundu za kubomolewa: bondeni Msimbazi mwishoni mwa 2015, Kimara kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara usiitajie bei hata ukipunguziwa nusu.

Nenda na fundi wako, si fundi wa dalali. Mimi nilikwenda Magomeni na mzee mmoja aliyeezeka mapaa ujana wake wote. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, niliipenda tangu barazani. Mzee hakusema neno. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akasogea hatua, akagonga tena. Kisha akaomba ngazi, akapanda, akaichoma kenchi kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini, kama kisu kwenye papai. Unga wa mchwa ukammwagikia begani.

"Mwanangu," akasema akishuka, "hapa bati ndilo linaloshikilia mbao."

Dalali akakumbuka simu ya kupiga.

Kutoka hapo dau linajitaja lenyewe. Ulizia kwanza nyumba nzima kama hiyo, mtaa huo huo, inauzwaje. Tuseme milioni 75. Fundi akakuandikia kenchi na bati milioni 9, plasta 5, waya 3, choo na shimo 3: jumla 20. Ongeza 4 za yale yatakayoonekana ukuta ukishabomolewa, maana hayakosi. 75 ukitoa 24 zinabaki 51, na huo ndio mpaka wako. Uandike nyumbani, umwonyeshe mwenzio, mkubaliane kabla hamjatoka. Mkifika, anzia 44.

Dau litaje mbele ya mwenye nyumba, si kwa kutuma mtu. Msalimie kwa utulivu, muulize habari za watoto. Nyumba yake usiikashifu; huenda matanga ya mama yake yalikaliwa humo humo. Msomee karatasi ya fundi mstari kwa mstari, taja bei, kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wanaposhindwa: wanaona aibu, wanaongeza milioni mbili kabla mzee wa watu hajakohoa.

Akikubali, kishika uchumba kisitoke bado. Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama ni ya urithi, umwone msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa tu. Na kama mwenye nyumba ana mke, mke huyo lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na nisingependa mtu yeyote ahamie nyumba ambayo mama alitolewa akilia. Muombe aje akae nanyi barazani. Mtajie bei kwa mdomo wako, umsikilize.

Mke wa mwenye ile nyumba ya Magomeni alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza watoto wangu wangapi. Kisha akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akavuta ndoo tatu kutoka chini ya kitanda, na akanionyesha kila moja inakaa wapi.