Misemo Sita ya Kukufanya Mwenyeji wa Lozells

Ndugu yangu, weka kamusi chini. Misemo ya Kiingereza ni maelfu, na wewe una zamu ya alfajiri. Sita inatosha, mradi ujue pa kuitia.

1. Salamu kwanza. Mwenye duka pale Lozells Road, hapa Birmingham, akikuuliza "You all right, bab?", usimweleze mgongo wala barua ya kodi ya nyumba. Hiyo ni hujambo, na tangu utoto unajua hujambo hujibiwa sijambo hata ukiwa na homa. Sema "All right", chukua chenji. Hilo "bab" ni "mpenzi" lisilo na posa. Huitwa mkubwa na mdogo.

2. "You must come round some time" ni ndugu wa "karibu tule" anayoambiwa mpita njia. Shukuru, nenda zako. Na ukilalamikia basi, mwenzako akasema "Tell me about it", usianze kumsimulia. Anakwambia hata yeye yamemkuta.

3. Hapa sogeza kiti. Misemo ya vitabuni kila mgeni anayo. Wewe chukua ya bibi zao. Simama kituoni, tazama wingu zito, kisha sema taratibu: "It's a bit black over Bill's mother's." Usimpe mtu pole, hakuna msiba, huyo mama yake Bill hana anwani. Maana yake mvua inakuja, basi. Lakini mzaliwa wa Birmingham akisikia maneno ya bibi yake kinywani mwako, atakusamehe kila kitenzi ulichovunja. Nimemwona mama mmoja akitua mifuko yake chini apate kucheka vizuri, halafu akasogea ili mgeni naye aingie chini ya paa.

Wa pili wa jamii hiyo ni "a face as long as Livery Street", yaani uso uliorefuka kwa huzuni au kununa. Barabara yenyewe ipo, inapita kando ya stesheni ya Snow Hill. Toka Lozells ni kama nusu saa kwa miguu. Nenda ukaitembee mwanzo hadi mwisho. Msemo uliopita miguuni hausahauliki.

Na ukiambiwa umekwenda "all round the Wrekin", fupisha. Wrekin ni kilima cha Shropshire chenye mita 407, na wewe umekizunguka chote kwa maelezo badala ya kusema unachotaka. Sisi tuliolelewa na salamu za robo saa tutausikia sana huo.

4. Ukikwama, tazama uso kabla ya kutoa sauti. Uso ukicheka, nawe cheka kidogo na useme "That's it, innit?" Uso ukiwa mzito, shusha macho, nyamaza.

5. Kisha lipa deni: wamekupa misemo yao, nawe wape wako. Jirani akimwaga rangi ya ua wake, mwambie kwa Kiswahili safi: "Maji yakimwagika hayazoleki." Mtafsirie neno kwa neno, bila haraka, mikono nyuma kama mzee wa baraza. Atatikisa kichwa kana kwamba ameelewa zamani. Mwache atikise, umsaidie kufuta rangi.