Heshima kwa Home Alone 4

Kuisifia filamu nzuri si kazi, inajisifia yenyewe. Mimi nimesimama hapa kuisifia Home Alone 4, filamu ambayo wapwa zangu huiweka kila Jumamosi asubuhi, sauti juu, hata naijua kuliko ninavyowajua majirani zangu. Iliingia nyumbani kwa njia ya stendi. Mchuuzi aliniuzia kasha lenye picha ya Macaulay Culkin kajishika mashavu, ndani akatia diski isiyo na hata unywele wa Macaulay Culkin. Nilimlaani wiki nzima. Baadaye nikaona namwonea: alichokifanya yeye kwa shilingi elfu mbili, wenye filamu walishakifanya kwa mamilioni ya dola.

Sifa yake kuu ni kuushinda umri. Mwaka 1990 Home Alone ilipotoka, Kevin McCallister, yule mtoto aliyesahauliwa nyumbani akabaki na wezi, alikuwa na miaka 8. Mwaka 1992 alipopotelea New York alikuwa na 10. Mpaka hapo mtoto anakua, Mungu ashukuriwe. Ikaja 2002, filamu ya nne ikarushwa kwenye televisheni ya ABC huko Marekani, na Kevin bado ni kitoto cha miaka kama tisa hivi. Culkin mwenyewe, aliyemcheza Kevin mwanzo, mzaliwa wa 1980, alishakuwa bwana mzima wa kunyoa ndevu, basi nafasi akapewa mtoto mwingine, Mike Weinberg, na ndani ya hadithi hakuna aliyeshtuka. Mama hakushtuka. Baba hakushtuka.

Ukubwa wa jambo hili bado haujaeleweka. Viongozi wetu wa soka la vijana wametoka jasho miaka nenda miaka rudi wakiwapunguzia vijeba umri. Wamechonga vyeti vya kuzaliwa, wamewakaririsha watu wenye watoto majina ya walimu wa shule za msingi wasizosoma. Mwaka 2009 FIFA ikaja na kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, watu wakaumbuka. Kevin angepita. Mpime 1992, mpime 2002, mpime kesho kutwa, mfupa hautazidi kumi, na daktari atamwomba radhi kwa usumbufu. Ningekuwa na uwezo ningemleta atoe semina ya siku tatu kwa kamati za ufundi, posho na chai ya saa nne juu yangu. Watumishi wa umma wanaokaribia miaka 60 wangewahi viti vya mbele, kila mmoja na daftari lake.

Sifa nyingine ni ndogondogo. Inajua kubana matumizi: Kevin wa zamani alikuwa na ndugu wanne, huyu ana wawili, na waliobaki hawajaulizwa hata na mzazi wao. Ni filamu ya Kiafrika, maana Krismasi yote ile ya masweta ilipigwa picha Cape Town, ambako Desemba watu wanakwenda kuogelea. Imemsaidia hata Marv, yule mwizi mrefu. Daniel Stern aliyemcheza mwanzo alikataa kurudi, basi Marv kapewa sura mpya, mke, na tabia za mwenzake Harry, ambaye hayumo.

Halafu kuna ile nyumba. Kwenye filamu ya kwanza dogo alijilinda kwa vitu vya ndani: pasi, makopo ya rangi yaliyofungwa kamba, mapambo ya vioo yaliyotandazwa chini ya dirisha. Mtoto yeyote wa Manzese au wa Kisumu anaweza kuvipata. Wapwa zangu walijaribu ile ya kamba kwa ndoo ya maji kwenye mlango wa jikoni, nikalowa mpaka soksi, na nikawaheshimu. Kwenye ya nne nyumba ni kasri la mpenzi mpya wa baba, na milango inatii amri ya sauti. Dogo kashika rimoti. Akili ya nini tena?

Na huyo mpenzi mpya wa baba katokea wapi? Nani aliwaomba? Filamu ya 1990 ilibebwa na mama. Alisimama uwanja wa ndege wa Paris akiwa tayari kutoa saa, pete na herini ili wazee wawili wamwachie kiti. Akapita Dallas, akakwama Scranton, akamalizia safari nyuma ya gari la bendi ya polka, John Candy akimsimulia habari zisizomsaidia chochote, ili tu amfikie mwanawe. Ndiye waliyemkalia kikao, wakamvunjia ndoa, wakamnyang'anya safari yake, wakampeleka mtoto kwa baba mwenye rimoti. Mwishoni wazazi wanarudishwa pamoja haraka haraka, muda wa televisheni umekwisha.

Nilisema nitasifia. Naomba radhi, narudi.

Filamu ya kwanza iligharimu dola milioni 18 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 470 duniani, na tangu hapo kuna ofisi ambazo hazijalala. Jina wanalo, hadithi si lazima. Wanajua mteja wao hasomi nani kaongoza, hadai pesa zake na hana pa kupeleka malalamiko. Mtu mzima akiuziwa gari bovu anakwenda polisi. Mtoto akiuziwa hadithi mbovu anaomba irudiwe, na ofisi inaandika kwamba wateja wameridhika. Basi 2012 ikaja ya tano. Mwaka 2019 Disney ikainunua Fox iliyokuwa na filamu hizi, jina likahama pamoja na samani nyingine, na 2021 ikaja ya sita.

Hiyo ya sita wapwa zangu wameiona kwa jirani. Wanaoingia kuiba ni mume aliyepoteza kazi na mkewe mwalimu, wanaotaka kuuza mwanasesere wa thamani ili wasiuze nyumba yao. Anayewatwanga ni mtoto wa nyumba ya kitajiri, na sisi tunatakiwa tucheke. Mpwa wangu mdogo, ambaye kuhusu sinema anajua sheria moja tu, kwamba steringi hafi, alikuja kuniuliza, "Mjomba, adui alikuwa nani?" Nilimwambia hao hawakuonyeshwa, wako ofisini, wanaandika ya saba.