Nyota Zinazobisha Hodi

Mstaarabu hubisha hodi mara tatu; asipoitikiwa, huenda zake. Pulsa hazikufunzwa hayo. Ni masalia ya nyota kubwa zilizolipuka: nzito kuliko Jua, ila zimesindiliwa zikabaki na upana wa kilomita 20 hivi. Zinazunguka, na kila miali yake ya redio inapotupitia, antena husikia "hodi!" Tuwahesabu wageni, kuanzia wa tano.

5. Mwenye pupa. PSR J1748-2446ad huzunguka mara 716 kwa sekunde. Jina kama namba za luku.

4. Mwenye familia. Hodi za PSR B1257+12 zilikuwa zikiwahi na kuchelewa kidogo kidogo. Mwaka 1992 wanaastronomia Wolszczan na Frail wakaeleza sababu: sayari zinamvuta huku na huku. Marehemu, na bado ana wa kulea!

3. Wa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ikamnasa Centaurus X-3 akibisha kila sekunde 4.8. Kwa eksirei, si redio, najua. Ila Malindi niiruke?

2. Mwenye mwenza bubu. Wanaastronomia Hulse na Taylor walimsikia kwa darubini ya redio ya Arecibo mwaka 1974. Yeye na mwenzake huzungukana kila saa 7 na dakika 45, wakisogeleana taratibu kama Einstein alivyokadiria. Nobeli ikaja 1993.

1. Wa kwanza kusikika. Mwaka 1967 huko Cambridge, mwanafunzi Jocelyn Bell, aliyeshiriki kuijenga antena kwa mikono yake, alikuwa akikagua kwa macho karatasi za grafu, mita 30 hivi kwa siku. Akaona kidoa. Mwingine angekipita, yeye alikifuatilia hadi kikatoa mapigo, moja kila sekunde 1.337. Kwa utani yeye na wenzake wakamwita mgeni "watu wadogo wa kijani". Kisha Bell akapata hodi ya pili, upande mwingine wa mbingu. Watu gani hao wa kijani, tena kambi mbili, waafikiane kutusumbua sisi?

Nobeli ya 1974 walipewa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Aliyefungua mlango akabaki barazani. Mwaka 2018 alitunukiwa dola milioni 3 za tuzo nyingine, akazitoa zote kusomesha wanafunzi wa fizikia. Mimi, nakiri, ningeanza na deni la dukani kwa Mangi.