Hotuba Juu ya Geji Iliyotuhumiwa Uongo

Waungwana hadhirina, mafundi wa viyoyozi na friji wa hapa Kwa Mathias, wanagenzi wenu, nanyi abiria mliosimama kusubiri daladala huku mkijifanya mnasikiliza: mimi, ambaye sikutunukiwa shahada na chuo chochote, kwa kuwa hakijapatikana chuo chenye ujasiri wa kunitahini, nimeombwa kuifasiri kwenu ilmu ya geji ya vakyumu, na aliyeniomba, nasema bila ya haya, ni nafsi yangu.

Jueni kwanza kwamba hewa ina uzito. Mtaliana Torricelli alilithibitisha jambo hili mwaka wa 1643, alipoona zebaki imesimama katika mrija mrefu wa kioo kiasi cha sentimita 76 bila ya kushikwa na mtu. Kiasi hicho ni milimita 760, na kila milimita moja ukiigawa mara 1,000 unapata maikroni. Basi hewa ya pwani yetu inatulemea kwa maikroni 760,000, ingawa wengi wenu mnadhani kinachowalemea ni kodi ya pango. Fundi anayetaka kutia gesi katika kiyoyozi sharti aivute hewa hiyo hadi maikroni 500 au chini yake, ili unyevu uliojificha ndani ya mabomba uchemke bila ya moto na kutoka. Kwani maji, penye joto la digrii 25, huchemka mara tu kanieneo ishukapo kufika kama maikroni 24,000. Geji ile ya mshale mliyoizoea haifai kwa kazi hii: kwayo 500 na 5,000 ni kitu kimoja, mfano wa mtu aliyesimama Mlandizi akatazama Dar es Salaam na kutaka kuhesabu madirisha.

Sasa nawahadithia kisa. Siku moja nilivuta vakyumu saa mbili nzima, na geji yangu ya namba ikasimama kwenye 1,800, ikakataa katakata kushuka. Kwa kuwa mimi sikosei, na pampu ni yangu, na mpira ni wangu, nilihukumu papo hapo kwamba geji ni kadhabu, nikainyanyua niitupe.

"Shikamoo, Mwalimu," mwanagenzi wangu akasema. "Tusiijaribu kwanza?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa karibu kusema neno lilo hilo.

Jaribio lenyewe, hadhirina, ni hili. Kiache kiyoyozi, iache mipira yote. Badilisha mafuta ya pampu, hasa yakiwa yamegeuka rangi ya maziwa, kwa maana hayo yamekwisha kunywa maji. Kisha ifunge geji juu ya mdomo wa pampu kwa kiungo kifupi cha shaba, uwashe, na ungoje. Pampu nzima na geji nzima zitashuka chini ya 100 kwa dakika chache. Zisiposhuka, azima geji ya jirani uziweke mahali pamoja: zikikubaliana, mshitakiwa ni pampu, zikigombana, huenda jicho la geji yako limeingiwa na mafuta, basi lioshe kwa spiriti safi, uimimine na kuimwaga, wala usilichokoe kwa kijiti, maana ndani yake kuna uzi mwembamba kuliko subira ya fundi. Likauke kabisa, ndipo ujaribu tena.

Tulifanya hivyo. Kabla ya dakika tatu kutimia, geji ilisoma 60.

Ikadhihiri, basi, kwamba ilikuwa ikinena kweli tangu asubuhi, na kwamba mpira wangu ulikuwa umepasuka karibu na nati, pale nilipozoea kuukanyaga nikiwa nafundisha. Tangu siku ile jaribio hili nimelipa jina langu. Mwanagenzi nimemwandika shahidi.

Naona mkono umenyanyuka kule nyuma. Anauliza ni geji ngapi nilizihukumu kabla ya hiyo. Tatu, bwana. Zote niliziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na zote, sasa uliponikumbusha, zilikuwa zimefungwa kwenye mpira ule ule.